Tamko la Watambaji na Walimu: Hadithi Ipewe Nafasi Katika Kufundisha Maumbile, Sayansi na Urithi

Sisi watambaji wa hadithi, walimu wa shule za msingi na sekondari, waongoza watalii, wahifadhi wa misitu na wafanyakazi wa makumbusho, tuliojiunga katika chama kimoja, tunatoa tamko hili kwa umma katika kuadhimisha Siku ya Hadithi Duniani, inayoadhimishwa tarehe 20 Machi kila mwaka. Tunalielekeza kwa wizara zinazosimamia elimu, utamaduni na maliasili, kwa taasisi za mitaala, kwa vyuo vya ualimu, kwa watafiti, kwa vyombo vya habari na kwa kila mzazi na mlezi.

Tunachotamka ni hiki: hadithi ni njia halali ya kufundishia sayansi, maumbile na urithi wa utamaduni, na ipewe nafasi hiyo katika mtaala, katika ratiba na katika bajeti.

I. HALI ILIVYO

Kwa vizazi vingi jioni ilikuwa na darasa lake. Bibi alipoita "Paukwa!", wajukuu wakaitikia "Pakawa!", na kabla usingizi haujawachukua walikuwa wamejifunza mnyama gani huwinda usiku, mti gani una sumu, na kwa nini hakuna mtu mwenye akili anayevua miamba ya mbali kusi linapovuma kwa nguvu. Redio ilipoenea haikuua desturi hiyo. Wapo watu wazima wengi Tanzania wanaomkumbuka Deborah Mwenda na kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, ambacho kiliwakusanya watoto wa nchi nzima wakasikiliza hadithi kwa wakati mmoja.

Leo watoto wengi wanalelewa mijini, mbali na babu na bibi, au wanalala bweni. Shuleni, somo la sayansi mara nyingi ni maelezo ubaoni: mwanafunzi ananakili, anakariri, anajibu mtihani, kisha anasahau. Fasihi simulizi nayo imefungiwa ndani ya somo la Kiswahili. Mwanafunzi anajifunza kutofautisha ngano na kisasili, anaorodhesha sifa za fanani, anapata alama zake, na anaweza kumaliza shule bila kutamba hadithi hata moja mbele ya hadhira wala kumsikiliza mtambaji akiwa kazini.

Hasara yake ni ya pande mbili. Sayansi inabaki kuwa somo geni lililotoka mbali, na hadithi inabaki kuwa kitu cha kale kisicho na kazi. Tunayakataa yote mawili, na tunaeleza kwa nini.

II. HADITHI INAVYOFUNDISHA

Kibo na Mawenzi

Wachaga wa Kilimanjaro husimulia kwamba Kibo na Mawenzi, vilele vya mlima huo, walikuwa majirani. Moto wa Mawenzi ukazimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Akapewa. Akarudi tena kuomba, na tena, hata Kibo akachoka, akampiga. Ndiyo sababu kichwa cha Mawenzi kimechongoka na kujaa mapengo mpaka leo. Zipo namna kadhaa za kuisimulia, lakini kiini chake ni hicho: moto uliozimika na kipigo.

Mwalimu wa jiografia mjini Moshi akishaitamba hadithi hii, awatoe wanafunzi nje asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaufunika mlima. Wataviona vilele vyote viwili. Kisha awaulize: je, ni kweli kwamba moto wa Mawenzi ulizimika kabla ya wa Kibo?

Jibu la wanajiolojia ni ndiyo. Kilimanjaro ni mlima wa volkano wenye vilele vitatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira na Mawenzi vilizimika zamani kabisa. Kibo, chenye mita 5,895, kimelala tu. Ndani ya kreta yake bado mna matundu yanayotoa gesi ya salfa. Mawenzi, wenye mita 5,149, umechongoka kwa sababu mvua, barafu na upepo vimeula tangu ulipoacha kurusha lava ya kuujenga upya. Hapo mwanafunzi amekwisha kujifunza volkano hai, iliyolala na iliyokufa, amejifunza mmomonyoko wa miamba, na amepata vyote hivyo kwa mlima anaouona kila siku akienda shule. Hatudai kwamba wazee walipima umri wa mawe. Tunadai kwamba waliutazama mlima kwa makini, na kwamba mtoto anayeanza na utazamaji wao anafika haraka kwenye swali la kisayansi.

Ndege wa asali

Katika jamii nyingi za Afrika, tangu Kenya mpaka kusini mwa bara, kuna hadithi ya ndege mdogo anayemwongoza mtu kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Mrina asali akishapata chake, lazima amwachie ndege fungu lake. Akimdhulumu, siku nyingine ndege atamwongoza kwa chui au nyoka.

Ndege huyo yupo kweli, na uongozi wake ni wa kweli. Hupenda kula nta ya masega, lakini hana uwezo wa kupasua gogo wala kuwatuliza nyuki. Binadamu ana shoka na moshi, lakini hajui mzinga ulipo. Wanahitajiana. Watafiti wakiongozwa na Claire Spottiswoode walifanya kazi na warina asali wa Kiyao katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Wayao humwita ndege huyo kwa sauti maalumu, mtetemo wa midomo unaofuatwa na mguno, ambayo kila mmoja hujifunza kwa baba yake. Watafiti waligundua kwamba sauti hiyo hupandisha uwezekano wa kuupata mzinga kutoka asilimia 16 hadi 54. Utafiti uliofuata mwaka 2023, uliohusisha pia Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi ambao wao hupiga mluzi, ulionyesha kwamba ndege wa kila eneo huitikia zaidi wito wa watu wa eneo lake.

Maana yake ni nzito. Wito ule ni urithi wa utamaduni, na papo hapo ni sehemu ya ikolojia. Vijana wakiacha kujifunza mluzi wa wazee wao, ndege naye hupoteza mshirika. Hakuna mahali ambapo sayansi, maumbile na urithi vimefungamana kwa uwazi zaidi, na mlango wa kuingilia ni hadithi ambayo mtoto wa darasa la pili anaielewa.

Hapa pia pana funzo la uaminifu. Sehemu ya kisasi ni fundisho la maadili juu ya kugawana, na mwalimu aseme hivyo waziwazi. Isitoshe, watafiti waliofuatana na Wahadza wameona wawindaji wakiificha au kuichoma nta ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Mwanafunzi akijua hadithi na akajua pia kinachotendeka porini, anajifunza kupima.

Kilwa na mkondo wa bahari

Masimulizi ya kale ya Kilwa yanaeleza kwamba Ali bin Hassan, aliyetoka Shiraz, alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wake kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wakati huo mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara maji yakipwa. Mtawala alipokusudia kurudi kukitwaa kisiwa, wageni wakakichimba kivuko, bahari ikajaa, na njia ikafungwa.

Somo la maji kupwa na kujaa limo humo humo. Mwalimu wa pwani awaulize wanafunzi: kivuko cha namna hiyo kingefunguka siku zipi? Watoto wa wavuvi watajibu bila kitabu kwamba ni wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa ndipo maji hupwa mbali zaidi. Hapo ndipo pa kueleza jinsi mwezi na jua vinavyoivuta bahari, na kwa nini kati ya bamvua mbili huja maji mafu.

Historia nayo inafuata. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta Kilwa Kisiwani vigae vya vyungu vya wenyeji walioishi pale kabla ya zama za masultani. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya mwambao wa Kenya na Tanzania. Ulionyesha kwamba wanawake wa Kiafrika na wanaume waliotoka Asia, wengi wao Uajemi, walianza kuzaa pamoja karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo kisakale kina ukweli ndani yake, lakini kinaposimuliwa kama hapo juu kinaacha kumtaja mtu muhimu kuliko wote, mama mwenyeji. Mwanafunzi anayeyaweka masimulizi, vigae na vinasaba mezani pamoja anafanya kazi ya mwanahistoria hasa.

Kijana wa Magamba

Hadithi za sayansi haziishii kwenye ngano. Visa vya kweli vya wanasayansi ni hadithi pia, na tunavyo vya kwetu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kusubiri yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ndogo, na mwenzake akawahi kuingiza maziwa ambayo hakuyachemsha. Mpemba, asije akakosa nafasi, akaingiza yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Akahamia shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia yake mwenyewe. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba akasimama na swali lile lile huku wanafunzi wenzake wakimcheka. Osborne alikubali kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya sababu zake, na hata juu ya mazingira ambamo hutokea. Hilo linakifanya kisa hiki kiwe bora zaidi darasani, kwa sababu linamwonyesha mtoto kwamba sayansi haijakamilika na kwamba swali la mwanafunzi linaweza kuingia humo. Tunashangaa kwamba wapo watoto wa Kitanzania wanaokijua kisa cha Newton na tufaha lakini hawajawahi kukisikia cha Mpemba na aiskrimu.

Hadithi iliyookoa maisha

Kwa wanaoona kwamba jambo hili si la haraka, tunawaelekeza kwenye kisiwa cha Simeulue, Indonesia. Mwaka 1907 tetemeko lilifuatwa na mawimbi makubwa yaliyoua watu wengi huko. Walionusurika waliligeuza tukio hilo kuwa masimulizi, wakaliita smong, wakawafundisha watoto kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani, usishuke kuokota samaki. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitikisika. Wakazi wa kisiwa, karibu 78,000, walikimbilia mlimani. Waliokufa walikuwa saba. Kwingineko katika jimbo hilo hilo la Aceh, ambako masimulizi hayo hayakuwapo, waliangamia zaidi ya laki moja.

Mawimbi ya siku hiyo yalivuka Bahari ya Hindi yakafika Somalia, Kenya na Tanzania, na katika nchi zote tatu watu walipoteza maisha. Watoto wa mwambao wetu wanastahili kuwa na hadithi kama ile ya Simeulue.

III. MISINGI TUNAYOISIMAMIA

1. Hadithi itambwe kikamilifu. Iwe na mwitiko, nyimbo, sauti za wanyama na ukimya mahali pake. Hadithi inayosomwa harakaharaka ili kufikia "funzo" haifundishi.

2. Swali lije baada ya hadithi, na ushahidi baada ya swali. Mwanafunzi atoke akatazame, apime, ahesabu, aulize wazee, asome. Hadithi isitumike kuwa jibu la mwisho la swali la kisayansi.

3. Mtambaji aseme wazi kipi ni ngano na kipi ni jambo lililothibitishwa. Tukichanganya hivyo viwili tutapoteza imani ya watoto kwa vyote viwili.

4. Hadithi zinazodhuru zikabiliwe. Bundi anauawa katika vijiji vyetu kwa sababu ya masimulizi ya uchuro, ilhali usiku kucha anakula panya wanaomaliza nafaka ghalani. Kazi ya mtambaji hapo ni kumweleza bundi alivyo, na kutunga hadithi mpya inayomtendea haki.

5. Wenye hadithi waheshimiwe. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda katika pwani ya Kenya imedumu kwa sababu ya miiko na masimulizi ya wazee. UNESCO iliiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka 2009 mila zake zikaorodheshwa kuwa urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Watu hao hao waliibiwa vigango vya wahenga wao vikauzwa hadi kwenye makumbusho ya Marekani. Asiwepo mtu wa kuchukua hadithi zao jinsi vigango vilivyochukuliwa. Kurekodi kufanywe kwa ridhaa, jina la jamii na la mtambaji litajwe, na siri za wazee zibaki siri.

6. Lugha ya nyumbani itumike. Kiswahili kinatuunganisha, na lugha za jamii zetu zina majina ya mimea, wadudu na upepo ambayo yakipotea, maarifa yake hupotea nayo.

IV. WITO WETU

Kwa wizara za elimu na taasisi za mitaala: mtaala wa Tanzania ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 na ule wa umilisi wa Kenya yote miwili inataka mwanafunzi atende badala ya kukariri. Nafasi ipo. Tunaomba viongozi vya walimu vya sayansi, jiografia na historia viwe na hadithi zilizochaguliwa kwa kila eneo, pamoja na maswali na majaribio yanayoambatana nazo.

Kwa vyuo vya ualimu: kutamba kufundishwe kwa vitendo kwa walimu wa masomo yote. Mwalimu wa biolojia anahitaji sauti, mpangilio wa kisa na ujasiri wa kusimama mbele ya hadhira kama anavyohitaji maabara.

Kwa kamati za shule na halmashauri: mzee anayealikwa shuleni kutamba alipwe nauli na posho, kama anavyolipwa mtaalamu mwingine yeyote. Soda na makofi si malipo.

Kwa hifadhi za taifa na makumbusho: wanafunzi wanaotembelea Kilwa, Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam au Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora wasipewe majina na tarehe peke yake. Wapewe masimulizi ya mahali pale na nafasi ya kuyahoji.

Kwa watafiti na vyuo vikuu: mnapomaliza utafiti kijijini, rudini na matokeo yenu katika hadithi inayoeleweka, kwa lugha ya watu waliowapa maarifa.

Kwa serikali kwa ujumla: Kenya iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2011. Mkataba huo unayataja masimulizi pamoja na maarifa kuhusu maumbile na ulimwengu kuwa urithi unaopaswa kulindwa. Ulinzi huo uonekane kwenye bajeti.

Kwa vyombo vya habari: rudisheni kipindi cha hadithi za watoto saa ambayo watoto wako macho.

V. AHADI ZETU

Sisi wanachama tunaahidi kwenda shule zinazotualika, na kuandaa kila hadithi pamoja na mwalimu wa somo husika kabla ya kuitamba. Tunaahidi kurekodi hadithi za wazee kwa ridhaa yao na kuwaachia nakala. Tunaahidi kutembea na wanasayansi, kusahihishwa nao, na kuwasahihisha pale wanapoyapuuza maarifa ya wenyeji bila kuyachunguza.

VI. HITIMISHO

Wazee wanaozibeba hadithi hizi wanaondoka mmoja mmoja, na kamati hazitamrudisha hata mmoja wao. Kwa hiyo tunamwomba kila mwalimu atafute hadithi moja ya mahali shule yake ilipo na aifundishie somo moja muhula huu. Tunamwomba kila mzazi ampigie simu babu au bibi na kumpa mtoto asikilize. Tunaziomba wizara husika zitukaribishe mezani, tukiwa na walimu na wazee wetu, kupanga utekelezaji wa haya tuliyoyataja. Tuko tayari kuanza.

Tamko hili limetolewa na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama wote.